Mitamba Watatu wa Harusi ya Nélida

Lanús, 6 Machi 1989

Mjomba Anselmo,

Shikamoo, na uitikie kwa sauti, maana kutoka huko Los Tordos hadi huku ni mbali. Mimi ni mzima. Kile kikohozi kiliisha chenyewe. Kiwandani bado tunashona mashati, ingawa wiki iliyopita walitukalisha nyumbani siku mbili bila malipo, eti vitambaa havijafika. Jirani yangu, Bi Hortensia, anakusalimu. Mpaka leo anazisimulia zile mbavu ulizomchomea ulipokuja kumzika mama. Jumapili nilikwenda kulisafisha kaburi. Nilimpelekea mama maua mekundu kwa sababu meupe hakuyapenda.

Wewe je? Goti bado linakusumbua? Nauliza kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuwa ya Krismasi, ilikuwa na mistari sita, na minne kati ya hiyo ilihusu mvua.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Ninaolewa, mjomba. Bwana ni Dardo Scarpelli, yule fundi redio niliyekutajia, mrefu, anayecheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe. Tarehe ni Jumamosi, 24 Juni. Najua ni baridi, lakini hiyo ndiyo Jumamosi pekee tuliyopata ukumbi wa klabu ya mtaa. Ndoa ni adhuhuri, kanisa liko mkabala na klabu, kwa hiyo watu watavuka barabara tu kuja kula.

Wageni ni mia mbili, karibu wote wa upande wake. Wazazi wake, Mzee Italo na Bi Irma, ndio wanaogharamia chakula. Bi Irma alitaka kuwaita wapishi wa kuvaa glavu nyeupe, waje na kuku wa uyoga. Nikamwambia mjomba wangu ndiye mchoma nyama wa wilaya nzima, amechomea sikukuu za watakatifu, minada ya ng'ombe, hata ufunguzi wa daraja. Akaniangalia, akasema, "Haya, mwulize bei."

Basi nakuuliza. Kuwachomea watu mia mbili, pamoja na soseji, kuni, saladi, mkate na kazi yako, ni bei gani kwa kichwa? Mzee Italo anataka tarakimu, aione kwenye karatasi. Unijibu mapema, maana bei siku hizi hazitulii.

Mpwa wako,
Nélida

Los Tordos, 24 Machi 1989

Mpwa wangu Nélida,

Marahaba. Nimeitikia mpaka mbwa ameamka.

Mimi nipo. Goti linanisumbua mvua ikitaka kunyesha, na isipotaka pia linanisumbua. Treni sasa inapita mara moja tu kwa wiki, tena haina siku maalumu, ndiyo maana barua yako imechelewa. Duka la mikate la kina Ferreyra limefungwa. Wamehamia Rosario kwa mtoto wao. Katika mtaa wangu tumebaki watatu, na mmoja ni kiziwi, kwa hiyo mazungumzo hayana foleni. Wavu wangu mkubwa wa kuchomea bado ninao, ule mpana kama mlango wa ghala. Jioni naweka juu yake ubavu mmoja, nakaa nao mpaka uive. Mke wangu Delmira angekuwa hai angenicheka. Kwa Delmira kila kitu kilikuwa cha kucheka, hata mimi, hasa mimi.

Hongera, mwanangu. Sijamwona huyo fundi redio, lakini mwanaume anayecheka mapema si mbaya. Wabaya ni wale wanaochelewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili kuna kitu nilikuwa nakitafuta humo, sikukipata. Si neno. Umeuliza bei, nami nitakupa bei.

Mwandikie Mzee Italo hivi: australi sitini kwa kichwa. Humo mna nusu kilo ya nyama kwa kila mtu, soseji moja ya kawaida na moja ya damu, kuni ngumu zisizotoa moshi mchungu, chumvi na saladi. Watoto wa chini ya miaka kumi ni nusu bei, ingawa najua watoto wa mjini wanakula kuliko askari. Mvinyo ni juu yao. Mimi sihusiki na mvinyo, nisije nikalaumiwa na wanawake.

Umenitajia kanisa, ukumbi, glavu na uyoga. Hukunitajia ni nani atakayekushika mkono kukuingiza kanisani. Baba yako tangu avuke kwenda Brazil hatujasikia hata chafya yake. Nauliza tu.

Mjomba wako,
Anselmo

Lanús, 19 Aprili 1989

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mwanzoni mwa mwezi huu, na nimefurahi kuona goti ni lilelile na mdomo ni uleule. Hapa wote tunapumua. Dardo anasema siku hizi redio anazotengeneza ni nyingi kuliko zamani, kwa sababu hakuna anayenunua mpya, lakini wenyewe hawarudi kuzichukua. Zimejaa hadi chini ya kitanda. Bi Hortensia ameteleza bafuni, hajavunjika, ila ametukana sana.

Mjomba, usikasirike. Ile sitini yako ilipofika ilikuwa imekwisha kufa. Nilimpa Mzee Italo karatasi. Akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akakaa. Akaniambia, "Binti, kwa sitini leo mjomba wako atatuchomea chumvi." Hakusema kwa ubaya, ndivyo hali ilivyo. Dukani mwuzaji habandiki tena karatasi za bei, anasimama mlangoni anatamka. Ukienda kuchukua pochi nyumbani ukarudi, anatamka nyingine. Sisi kiwandani tukilipwa tunakimbia, wanawake wazima na viatu vya kazi, tununue mafuta na unga kabla ya jioni.

Bi Irma akapata pa kusemea. Anasema wale wa glavu nyeupe wana ofisi, wana simu, wanatoa bei ya siku hiyohiyo. "Mjomba wako yuko mwezini," anasema. Nikamjibu kwamba hata akiwa mwezini, nyama yake watu wanaifuata. Nimegombana na mama mkwe kabla hajawa mama mkwe, na sababu ni wewe. Kwa hiyo nakuomba bei mpya, ambayo itaishi mpaka Juni.

Na usije ukasema utafanya bure, nakujua. Sitaki. Upande wangu wa kanisa watakaa Bi Hortensia na wasichana wanne wa kiwandani. Sitaki mtu aseme bibi harusi alikuja na njaa na mjomba wa kuchoma bure. Nataka ulipwe kama fundi, mbele yao.

Lile la kanisani bado halijapangwa.

Nélida

Los Tordos, 5 Mei 1989

Nélida,

Marahaba. Mpe pole Bi Hortensia, na mwambie kutukana ni dalili ya afya.

Hapa baridi imeanza. Yule kiziwi wa mtaa wetu, Don Celestino, amechukuliwa na binti yake. Alikuja kuniaga, akakaa pale jikoni saa nzima akinywa chai ya yerba nami, hakuna aliyesema kitu, yeye kwa sababu hasikii na mimi kwa sababu sikuwa na la kusema. Sasa tumebaki wawili. Huyo mwenzangu hatusalimiani tangu habari ya ule mpaka wa shamba, unaijua.

Kuhusu bei. Nimekaa nikapiga hesabu, nikaandika tarakimu kwenye ukingo wa gazeti, na nilipomaliza kunywa yerba nikaona ni upuuzi. Barua inakwenda siku kumi, kumi na mbili. Hakuna pesa ya nchi hii inayoweza kusafiri siku kumi na mbili ikafika nzima. Basi sitataja pesa. Nitataja ng'ombe. Ng'ombe akilala akiamka bado ni ng'ombe.

Mwambie Mzee Italo hivi. Bei yangu ni mitamba watatu. Wawili wa kuchomwa na ngozi zao, kama walivyochoma wazee wetu, nyama inaiva ndani ya ngozi yake haipotezi tone. Hao watawatosha watu mia mbili na wakabeba nyumbani. Wa tatu ni ujira wangu. Umesema unataka nilipwe kama fundi. Fundi ndiye huyo, na hapunguzi. Awanunue sasa hivi, wiki hii, pesa yake ikiwa bado inanunua ng'ombe na si kwato. Rafiki yangu Basilio Etcheto ana shamba karibu na Cañuelas, atawauzia kwa haki na kuwatunza mpaka siku yenyewe. Soseji na mkate wanunue wao huko, mtaa wowote una bucha.

Nami nitatangulia kwa Basilio siku chache kabla. Sichomi mnyama ambaye sijamwona akiwa hai. Mtamba lazima achaguliwe, atulizwe, azoee sauti ya mtu. Akichinjwa na hofu, nyama inakuwa kama kiatu, na huwezi kumlaumu.

Jambo jingine ulijue mapema. Nyama ya ngozi inataka moto tangu alfajiri, na anayeuwasha ndiye anayekaa nao. Hauachwi hata kwa dakika kumi, mafuta yakidondoka vibaya ngozi inawaka na harusi imekwisha. Kwa hiyo kanisani msinihesabu. Mchomaji hana misa. Tena umesema bado halijapangwa, basi lipangeni vizuri, mtafute mtu wa maana, mwenye suti.

Wako,
Anselmo

Lanús, 27 Mei 1989

Mjomba,

Shikamoo. Sote tupo. Mtaani hapa hali si nzuri, watu wamevunja maduka mawili, na Dardo analala na redio za watu akiwa na rungu kando yake. Kiwanda kimefungwa mpaka watakapotuita. Ninashona kwa Bi Hortensia, gauni langu mwenyewe, kwa taa ya jikoni kwake kwa sababu yangu imeungua na balbu nyingine sijanunua.

Mitamba wamenunuliwa. Mzee Italo aliposikia bei yako alipiga meza, akamwambia Bi Irma, "Huyu mwenzetu ndiye waziri wa fedha tuliyemkosa!" Siku ya pili yake akapanda gari akaenda kwa Basilio. Amerudi akisifu, anamwita mmoja wa mitamba hao Malkia. Wale wa glavu nyeupe nao walileta bei, wakaibadilisha mara tatu katika wiki moja, Bi Irma mwenyewe akawafukuza. Umeshinda, mjomba. Ningependa ungeuona uso wake.

Umesema kanisani tusikuhesabu. Sawa.

Kaka yake Bi Irma, mhandisi, mtu wa suti, amejitolea kunishika mkono. Ni mtu mwema, ananuka manukato ya kinyozi. Nimemwambia asubiri kidogo.

Nélida

Lanús, 12 Juni 1989

Mjomba wangu mpendwa,

Leo nianze bila salamu, utanisamehe, salamu nitazileta zote kwa pamoja.

Nimehesabu siku. Barua hii nikiituma leo kwa posta ya haraka, ikichelewa sana itakufikia tarehe 19 au 20, nawe utakuwa unafunga mzigo kwenda kwa Basilio. Kwa hiyo sina nafasi ya kuzunguka tena.

Mama alipozikwa nilikuomba ukae nami wiki moja. Unakumbuka? Tulikuwa jikoni, vyombo vya watu bado havijaoshwa. Ukasema una kazi ya kuchoma Jumapili, ukapanda basi la asubuhi. Sikukulaumu, lakini tangu siku ile naogopa kukuomba kitu. Nikajifunza kwamba ukiombwa unaondoka. Kwa hiyo nilipochumbiwa nikaona nisikuombe, nikuulize bei. Mtu akiulizwa bei hakatai, anataja tu. Nikajiambia, nikimlipa atakuja, na akija atakuwa karibu, na akiwa karibu labda mwenyewe ataona. Ni akili ya kitoto, najua. Nina miaka thelathini na moja.

Uliponiuliza nani atanishika mkono, nilisoma mstari ule mara nyingi kuliko ile bei. Nikasubiri barua inayofuata useme "mimi." Ukaniambia nitafute mtu wa suti.

Mjomba, sitaki mtu wa suti. Nakutaka wewe, hata ukija na moshi wako na kisu kiunoni. Moto mwachie Basilio kwa muda mfupi tu. Kama ngozi itaungua, na iungue, tutakula mkate. Nitamwambia Bi Irma mimi mwenyewe. Kutoka uani mwa klabu hadi mlango wa kanisa ni kuvuka barabara.

Usinijibu kwa barua, haitawahi. Na usijali kuja kunitafuta kabla, nyumba itakuwa imejaa wanawake na pini. Mimi nitasimama mlangoni pa kanisa saa sita. Ukija, nitajua. Usipokuja pia nitajua, na wala hatutalizungumza, sitakuaibisha mbele za watu na wewe usijieleze. Nimeshamwambia yule mhandisi kwamba nina mtu.

Wako,
Nélida

Lanús, 29 Juni 1989

Mjomba Anselmo,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na goti halikukusumbua njiani. Sisi tumehamia chumba cha nyuma kwa wakwe zangu, kina dirisha zuri. Dardo ni mzima, anakusalimu.

Nakuandikia kukushukuru kwa nyama. Watu bado wanaizungumza. Mzee Italo anasema hajawahi kula kitu kama kile tangu utoto wake, na Bi Irma alibeba mfuko. Watu walipokupigia makofi kama ilivyo desturi kumpigia mchomaji, nami nilipiga. Sijui kama uliniona. Ulikuwa unatazama meza nyingine.

Nilikuambia hatutalizungumza, na sitalizungumza. Niseme tu ilivyokuwa, ili usisikie kwa wengine wakakuongezea. Nilisimama mlangoni. Moshi wako niliuona vizuri juu ya ukuta wa klabu, ulikuwa umenyooka, hakukuwa na upepo. Kinanda kilirudia wimbo wake mara ya tatu, padri akatoka akaniuliza, "Tunamsubiri nani, binti?" Nikasema hatumsubiri mtu. Mhandisi wa watu akasogea na kiwiko chake, nikamshukuru nikamkatalia. Nikaingia peke yangu. Si mbali, kanisa lenyewe ni fupi.

Baadaye nilipokuja uani kwako na gauni, ukaniambia, "Toka hapa, utanuka moshi." Nikatoka.

Sina kinyongo. Ulisema mapema kwamba mchomaji hana misa, mimi ndiye niliyetaka kusikia kingine. Mtamba wako wa tatu yuko kwa Basilio, mchukue wakati wowote. Ni halali yako, uliifanyia kazi.

Jitunze na baridi.

Nélida

Los Tordos, 6 Julai 1989

Nélida, mwanangu,

Kaa chini usome hii mpaka mwisho. Mimi si mtu wa barua ndefu, na hii nimeichana mara mbili.

Sikukataa. Sikujua.

Barua yako ya tarehe 29 imefika leo, safari hii posta imekimbia, lakini ile ya tarehe 12 niliikuta hapa, chini ya mlango, nilipofungua nyumba Jumamosi iliyopita. Ilikuwa imelala kwenye matofali, pembe moja imelowa. Wakati unaiandika mimi sikuwa hapa. Niliondoka tarehe 9. Kituoni walibandika tangazo kwamba treni ya wiki inayofuata haiji, nikaona nikisubiri ya tarehe 21 nitachelewa kuwatuliza mitamba. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mkuu wa kituo. Sababu nyingine ni kwamba tangu Celestino aondoke nyumba hii ilikuwa imenishinda. Nilikuwa naamka naongea na birika. Nikafunga mlango, nikamwacha mbwa kwa mwanamke wa posta, nikapanda. Sikukuandikia kwamba nimetangulia. Nilijiambia tutaonana karibuni, wa nini kuharibu stempu? Pia sijazoea, Nélida. Sijazoea kuwa na mtu wa kumwambia ninakwenda wapi.

Kwa Basilio nilikaa wiki mbili. Kila asubuhi nilikwenda kusimama na wale mitamba, nawasemesha ili waizoee sauti. Huwa nawasemesha mambo ya hali ya hewa. Safari hii niliwasimulia habari zako. Jinsi ulivyokuwa ukija hapa likizo, unakaa juu ya gogo, unaniuliza kwa nini moto una rangi tatu. Basilio akanikuta, akaniuliza, "We Anselmo, unamwambia ng'ombe habari za harusi? Kwa nini usimwambie bibi harusi mwenyewe?" Nikamwambia bibi harusi ana mhandisi.

Maana nilishajua kuhusu mhandisi. Barua yako ya Mei niliipata kabla sijaondoka, nikaishia kwenye ule mstari wa suti na manukato. Nikasema, haya, umeulizwa bei, umeitaja, umelipwa, sasa kafanye kazi yako. Ile barua yako ya kwanza kabisa, ya Machi, nilikuambia kuna kitu nilikitafuta nisikipate. Nilikuwa natafuta mahali ulipoandika "njoo." Kulikuwa na bei ya kichwa, bei ya kuni, bei ya mkate, ila "njoo" haikuwepo. Nikaumia kama mtoto. Badala ya kusema nimeumia, nikakutajia sitini. Na ulipokaa kimya juu ya kanisa, nikaumia tena, nikakudai mtamba wa tatu. Kumbe na wewe huko ulikuwa unafanya hivyohivyo. Tungeuana kwa adabu.

Mtamba wa tatu simchukui. Nimeshamwambia Basilio kwamba ni wako na Dardo, na kwamba asimuuze kwa pesa hata akipewa gunia. Akizaa, ndama ni wenu.

Siku ile ulipokuja uani nilikufukuza. Nilikuwa na mafuta hadi kwenye viwiko na macho yamenijaa, na nilijua ukikaa pale dakika moja zaidi nitakukumbatia na kuliharibu gauni ulilolishona kwa taa ya jirani. Nikasema neno la kwanza lililonijia, nalo likawa "toka." Walipopiga makofi nilikutafuta kwa macho nikakukosa, nikadhani umekwenda kubadili viatu. Sikuweza kuvumilia kukaa pale. Nilioga kwenye bomba la uani, nikapanda lori la Basilio kabla hawajaanza kucheza.

Treni inayofuata ni Jumanne. Nitakuwa ndani yake, na nitakaa wiki moja, au mpaka Bi Irma anifukuze kama alivyowafukuza wale wa glavu. Sitachoma chochote. Barua hii huenda mimi nikaitangulia, basi utaisoma nikiwa nimekaa mbele yako, na nitatazama pembeni mpaka umalize.

Ila kuna moja nakuandikia hapa kwa sababu sitaweza kulitamka. Saa sita kengele ilipolia, tulikuwa wanaume wanne tunamgeuza mtamba wa pili. Wenzangu wakasita kusikiliza, nikawakemea, nikawaambia shikeni, huyu ataungua. Tulipomlaza nilisimama na ile chupa ya maji ya chumvi mkononi, nikasema moyoni, sasa hivi kuna mtu amemshika Nélida mkono. Nikamwona kabisa, suti yake, kiwiko chake. Nikamwonea wivu mpaka nikasahau kunyunyiza. Siku nzima nilimwonea wivu mtu huyo, mwanangu, na kumbe hakuwepo.

Mjomba wako,
Anselmo